Vercel, Cloudflare Workers, Cloud Run au Lambda: ulinganisho kwa watengeneza mifumo wa Arusha na Moshi

Kampuni ya utalii ya Arusha haina mwezi unaofanana na mwenzake. Juni hadi Oktoba maombi ya safari yanamiminika, Desemba hadi Februari yanarudi tena, kisha masika ya Aprili na Mei yanaingia, njia za hifadhini zinajaa tope na simu zinanyamaza. Ukiikodia kampuni hiyo seva ya VPS (seva ya mtandaoni inayowaka muda wote kwa bei ileile), italipia Mei sawasawa na ilivyolipia Agosti. Ndiyo maana majukwaa ya bila seva yanavutia wengi hapa: msimbo wako unakaa umelala, ombi likija (mtu akifungua ukurasa au kutuma fomu) jukwaa linauamsha, linahesabu muda uliotumika, linatoza, linaulaza tena. Seva ipo, bila shaka, ila si wewe unayeikesha.

Ugumu ni kuchagua. Una mfumo unaofanya kazi vizuri kwenye laptop, umeuandika kwa Django, Laravel au Next.js, na mteja wa Njiro anauliza lini atauona hewani. Hapa nimechukua majukwaa manne ambayo watu hukwama kati yake. Yapo mengine mazuri. Haya manne yanatosha kuonyesha tofauti zenye uzito.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni fremuweki, yaani kiunzi cha msimbo kama Django, Laravel au Next.js, ambayo mfumo umeshaandikwa nayo. Unayoitamani haihesabiki. Mteja hatakulipa uandike upya Laravel yake ya miaka mitatu eti iendane na jukwaa jipya.

Cha pili ni umbali, na hapa nitakaa kidogo. Safari ni mbili: kutoka simu ya mtumiaji hadi msimbo unapoendeshwa, na kutoka kwenye msimbo hadi kwenye hifadhidata. Wengi huhangaikia ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali ya kwanza hufanyika mara moja kwa ukurasa na ya pili huweza kufanyika mara kumi: kumtafuta mtumiaji, kuangalia ruhusa zake, kuleta orodha, kuhesabu jumla, na kuendelea. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Johannesburg hadi Frankfurt ni takriban kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 87 hivi, na nyaya za kweli hazinyooki. Weka msimbo Johannesburg kwa kuamini uko karibu na nyumbani, huku hifadhidata iko Frankfurt: ukurasa wenye maswali kumi yanayofuatana utapoteza karibu sekunde nzima ukisubiri tu. Msimbo huohuo ungekuwa Frankfurt pembeni ya hifadhidata, mtumiaji wa mtaa wa Sakina, Arusha, angekwenda Ulaya mara moja na kurudi na jibu lake.

Kwa hiyo mimi huanza na hifadhidata, jukwaa linafuata. Msimbo unahamishika mchana mmoja. Jedwali lenye wanachama, akiba na mikopo halihamishiki hivyo. Tena hifadhidata nyingi hazilali. Cloud SQL ya Google na RDS ya kawaida ya Amazon zinatoza kila saa, kuwe na ombi au kusiwe. Ukisikia mtu anajisifu kuwa mfumo wake wa bila seva haumgharimu hata senti, muulize data zake ziko wapi. Neon inatoa hifadhidata ya PostgreSQL inayolala isipotumika, lakini kwa mtu wa kwetu vituo vyake vya kufikirika ni vya Ulaya. Supabase, mtoa hifadhidata mwingine, ina kiwango cha bure, ila mradi wa bure usioguswa kwa wiki moja husimamishwa, na mfumo wa ndani wa ofisi iliyofunga kwa ajili ya masika unaweza kukutwa hivyo siku bosi anarudi.

Cha tatu ni bili na namna ya kuilipa. Zote ni dola, na ukishaanza kulipia zote zinataka kadi. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu hukubaliwa kwingine na kukataliwa kwingine, hasa pale jukwaa linapozikataa kadi za kulipia kabla. Weka akilini pia VAT kwenye huduma za kidijitali kutoka nje. Na jiulize bili itafanyaje roboti zikikuvamia usiku: jukwaa litakuzimia huduma au litaendelea kuhesabu?

Cha nne ni vikwazo vya kazi: ukubwa wa faili linalopakiwa, kazi za nyuma ya pazia, diski. La diski nilimalize hapa kwa sababu linafanana kote. Hakuna jukwaa kati ya haya manne linalokutunzia faili kwenye diski ya programu. Picha ya pasipoti uliyoihifadhi kwenye folda ya `storage` ya Laravel au `media` ya Django itatoweka programu ikilala, na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, itatoweka nayo. Faili ziende kwenye hifadhi ya nje kama S3, R2 au Cloud Storage.

Cha tano hakimo kwenye miongozo ya Wazungu: malipo ya simu. Baadhi ya watoa huduma za malipo na za SMS hutaka uwape anwani ya IP (namba inayoitambulisha seva yako mtandaoni) isiyobadilika ili waifungulie mlango. Jukwaa la bila seva kwa asili halina anwani kama hiyo. Uliza mapema, kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Vercel

*Kupandisha*, yaani kuuweka mfumo hewani. Hapa ndipo penye wepesi kuliko kote. Unaunganisha akaunti na GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, unasukuma msimbo, Vercel inaitambua fremuweki yenyewe, inajenga na kukupa kiungo. Kila tawi la msimbo (toleo la pembeni unalolifanyia kazi) linapata kiungo chake cha majaribio, na huo ni msaada mkubwa kwa mteja asiyejua chochote cha kompyuta: unamtumia kiungo WhatsApp, anakwambia rangi ya kitufe haijampendeza, unarekebisha, tovuti halisi haijaguswa. Next.js ilitoka kwa kampuni hiyohiyo mwaka 2016, enzi hizo ikiitwa ZEIT, kwa hiyo vipengele vyake vipya hukubali hapa bila kusukumana. Node na Python zina nafasi rasmi. PHP inategemea kazi ya watu wa kujitolea, nami nisingemwekea mteja anayelipa.

*Umbali.* Kurasa zisizobadilika na picha hutolewa kwenye vituo vilivyo karibu na msomaji. Msimbo unaofikiri ni habari nyingine: usipochagua, unawekwa Washington, D.C., zaidi ya kilomita 12,000 kutoka Arusha. Unaweza kuuhamishia Cape Town, Frankfurt au kwingine kwa mpangilio mmoja tu, na wengi hawaugusi.

*Bili.* Mpango wa Hobby ni wa bure na ukivuka kikomo huduma husimama badala ya kukutoza. Soma masharti, lakini. Hobby ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na tafsiri yao ya biashara inamgusa hata mtengeneza mfumo aliyelipwa kuuandika. Tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro haimo. Pro ni dola 20 kwa mwezi kwa kila mtumiaji, na matumizi ya ziada juu yake.

*Vikwazo.* Ombi moja halizidi MB 4.5, na picha ya pasipoti iliyopigwa kwa simu ya siku hizi inafika hapo bila jasho. Dawa ni kuipeleka faili moja kwa moja kwenye hifadhi kutoka kwenye kivinjari. Kazi za ratiba kwenye Hobby huendeshwa mara moja kwa siku. IP isiyobadilika haimo kwenye Hobby.

*Inamfaa* mtu wa Next.js ambaye watumiaji wake wako Ulaya na Marekani, anayefanya kazi peke yake au na mwenzake mmoja, na ambaye mteja wake haoni dola 20 kuwa kitu. Timu ya watu watano itaanza kuihisi bei.

Cloudflare Workers

*Kupandisha.* Amri ya `npm create cloudflare@latest` inakutengenezea mradi, na `npx wrangler deploy` inaupandisha. Msimbo uliobanwa hauzidi MB 3 kwenye mpango wa bure na MB 10 kwenye wa kulipia, kwa hiyo hata ukiwa na bando la mwisho wa mwezi unapandisha bila kuogopa. Fremuweki za JavaScript kama Hono, Astro, SvelteKit na React Router zinaingia vizuri. Next.js inaingia kupitia adapta ya OpenNext, kwa kazi kidogo zaidi. Laravel haiingii. Python ipo, lakini Django kamili yenye hifadhidata yake ya kawaida hapa si kwao.

Sababu ni muundo wenyewe. Workers haiwashi kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji. Inatumia injini ya V8, ileile iliyomo kwenye Chrome, na kukutengea kichumba chepesi ndani yake. Ndiyo maana kuamka kwake ni milisekunde chache, wakati wengine huchukua nusu sekunde hadi sekunde kadhaa. Ndiyo maana pia si kila kitu kinaingia.

*Umbali.* Kampuni ina vituo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na kwa mtumiaji wa kwetu hakuna mwingine anayemkaribia. Mtandao wako wa simu ndio unaoamua upitishwe kituo kipi, kwa hiyo pima kwa laini zaidi ya moja. Halafu rudi kwenye hesabu ya hifadhidata: D1, hifadhidata yao iliyojengwa juu ya SQLite, haina Afrika kwenye orodha ya maeneo ya kuchagua. Msimbo uko Dar, kuandika kunakwenda ng'ambo. Upo mpangilio wa kuusogeza msimbo karibu na hifadhidata, na kwa mfumo wenye maswali mengi uuwashe.

*Bili.* Bure ni maombi 100,000 kwa siku, hesabu ikianza upya saa 9 usiku kwa saa zetu. Kila ombi linapewa milisekunde 10 za kichakataji. Muda wa kusubiri hifadhidata au mtandao wa malipo hauhesabiwi. Faili tuli, zile zisizobadilika kama picha na mitindo, hazihesabiwi kabisa. Ukivuka kiwango cha bure watumiaji wanapata ujumbe wa kosa, na bili haikufuati. Mpango wa kulipia ni dola 5 kwa mwezi na maombi milioni 10 ndani yake. Kuanza hakuhitaji kadi, na kwa mwanafunzi hilo peke yake ni jibu.

*Vikwazo.* Kumbukumbu ni MB 128. Kutengeneza PDF nzito za ankara au kupunguza picha kubwa ndani ya msimbo kutakutoa jasho, na baadhi ya maktaba za Node hazikubali. Faili za hadi MB 100 zinapokelewa. IP isiyobadilika sahau kwenye mipango ya kawaida. Jina lako la .co.tz linabaki kwa msajili wako, ila usimamizi wa DNS (mfumo unaoelekeza jina kwenye seva) lazima uhamie Cloudflare ukitaka Workers ijibu kwa jina hilo.

*Inamfaa* anayeanza mradi mpya kwa JavaScript au TypeScript, mwenye kurasa nyingi za kusomwa na mambo machache ya kuandikwa.

Google Cloud Run

*Kupandisha.* Cloud Run inapokea kontena, na kinachoingia kwenye kontena kinaingia hapa: Django, Laravel, Flask, Spring, hata kile kitu cha zamani ambacho hakuna anayetaka kukigusa. Amri ni `gcloud run deploy --source .`, na uzuri wake kwa mtu wa Moshi anayefanyia kazi kwenye bando ni kwamba inatuma msimbo tu. Kontena linajengwa kwa Google. Kujenga kwenye laptop na kusukuma mamia ya MB kila ukibadilisha herufi mbili ni kuchoma hela. Hakikisha tu folda za maktaba, `venv` na `node_modules`, hazitumwi.

Sharti la kwanza: programu isikilize kwenye mlango unaotajwa na kigezo cha `PORT`, ambao kwa kawaida ni 8080. Kontena lililozoea 8000 litapanda, halitajibu, na Cloud Run itakuambia limeshindwa kuanza. Kwa Django utahitaji pia gunicorn ya kuiendesha programu, WhiteNoise kwa faili tuli, na kuliandika jina lako kwenye `ALLOWED_HOSTS` na `CSRF_TRUSTED_ORIGINS`. Hii ya pili, tangu Django 4.0, inataka `https://` mbele. Uhamishaji wa majedwali (`migrate`, kubadilisha muundo wa hifadhidata) usiuweke kwenye amri ya kuanzia, kwa sababu nakala mbili za programu zikiamka pamoja zitagombania majedwali hayohayo. Uendeshe kama kazi ya pembeni kabla ya toleo jipya kupokea watu. Hayo yote yanakula siku yako ya kwanza. Ya pili ni nyepesi.

*Umbali.* Google ilifungua kituo cha Johannesburg Januari 2024, na Cloud SQL imo humohumo, kwa hiyo msimbo na data vinaweza kulala nyumba moja, kama kilomita 2,700 kutoka Arusha. Ila ramani si nyaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Siku kama hiyo, anayetegemea kituo cha kusini anaweza kubanwa kuliko anayetegemea Ulaya, na siku nyaya za Bahari ya Shamu zikikatika inakuwa kinyume chake. Pandisha ukurasa mdogo wa majaribio Johannesburg na mwingine Frankfurt, uvifungue jioni kwa simu ya kawaida, uone.

*Bili.* Bure kwa mwezi ni maombi milioni 2, sekunde 180,000 za kichakataji na GiB-sekunde 360,000 za kumbukumbu (GiB moja ikitumika sekunde moja ni GiB-sekunde moja). Bei za Afrika Kusini ziko juu ya zile za vituo vikuu vya Marekani. Kadi inatakiwa kabla ya chochote, na kadi ya kulipia kabla inaweza kukukwamisha hapo mlangoni. Tahadhari ya bajeti ni barua pepe tu, haizuii matumizi. Kinachozuia ni kuweka idadi ya juu ya nakala zinazoruhusiwa kuamka. Weka mbili au tatu, mfumo wa SACCOS hauhitaji mia.

Kuna faida moja isiyosemwa sana. Nakala moja ya Cloud Run hupokea maombi mengi kwa wakati mmoja, 80 usipobadilisha. Mfumo unaosubiri jibu la malipo ya simu kwa sekunde kumi unaendelea kuwahudumia wengine kwa bei ileile, mradi umeipa gunicorn nyuzi (threads, njia za kufanya kazi kadhaa kwa pamoja) za kutosha.

*Vikwazo.* Ombi huishi hadi dakika 60 na faili hufika MB 32. Mfumo ukishajibu, kichakataji hubanwa, kwa hiyo ule mtindo wa kumjibu mtu kwanza kisha kutuma SMS kimyakimya kwenye uzi wa nyuma utakwama katikati. Tumia foleni ya kazi au Cloud Scheduler, huduma ya Google ya kazi za ratiba. Kuamka kwa Django nzito huonekana kwa macho. Ukiamua nakala moja isilale kamwe, unalipa kila saa, na ile hoja ya masika inapungua. IP isiyobadilika inawezekana kwa kupitia mtandao wako binafsi ndani ya Google (VPC) na Cloud NAT, lango la kutokea lenye anwani moja, kwa malipo yake.

*Inamfaa* mwenye mfumo uliokwisha kuandikwa kwa Django au Laravel ambao hataki kuubadilisha, na timu ambayo angalau mmoja wao haogopi kontena.

AWS Lambda

*Kupandisha.* Lambda ya AWS, huduma za wingu za Amazon, ilitangazwa Novemba 2014 na ndiyo iliyowafungulia njia wengine, na ukongwe huo unauona. Haipokei ombi la wavuti kama fremuweki inavyolijua. Inapokea tukio, na unahitaji mkalimani katikati. FastAPI na Django hutumia Mangum, Laravel hutumia Bref, na ipo Lambda Web Adapter kwa wanaopeleka kontena. Zipu iliyofunguliwa isizidi MB 250, kontena lisizidi GB 10. Juu ya hapo kuna ruhusa za IAM, mfumo wa AWS wa kuamua nani aguse nini, ambazo ndizo huwachosha wageni kuliko msimbo wenyewe. Vyote vinafanyika, ila haviishi kwa amri moja.

*Umbali.* Cape Town ipo tangu Aprili 2020. Haiwashwi yenyewe kwenye akaunti mpya. Nenda ukaiwezeshe kwanza.

*Bili.* Maombi milioni 1 na GB-sekunde 400,000 kila mwezi ni bure. Baada ya hapo, kwa bei ya Marekani, milioni moja ya maombi ni senti 20 za dola pamoja na muda wa kuendeshwa, na Cape Town iko juu kidogo. Mtego ni IP isiyobadilika: inataka NAT Gateway, ambayo peke yake inazidi dola 30 kwa mwezi hata mfumo ukiwa usingizini. Pia nakala moja huhudumia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo kusubiri mtandao wa malipo unakulipia sekunde kwa sekunde.

*Vikwazo.* Kazi moja isizidi dakika 15. Ukipitia API Gateway, lango la AWS la kupokea maombi ya wavuti, jibu lirudi ndani ya sekunde 29 usipoomba nyongeza. Ombi na jibu havizidi MB 6.

*Inamfaa* ofisi ambayo tayari iko AWS, au yenye kazi nyingi ndogondogo zinazochochewa na tukio: picha za safari zikipakiwa S3 zipunguzwe, ankara ikilipwa barua itoke. Anayetafuta ajira nje ya nchi naye ana sababu ya kuijua, ingawa hiyo ni sababu yake, mteja asiibebe.

Kabla hujachagua hata moja

Tovuti ya kurasa sita na fomu ya mawasiliano haihitaji mjadala huu. Upangishaji wa cPanel, unaolipwa kwa mwaka na kwa shilingi, unatosha, na mtu wa WordPress atakayeirekebisha yuko kila mtaa. Vilevile mfumo unaotumika mfululizo asubuhi hadi usiku, siku zote za mwaka, mara nyingi ni nafuu kwenye VPS. Kulala kunaokoa hela kwa mfumo unaolala.

Kwa hali yako

Kama ni kampuni ya safari, wateja wako ng'ambo na hapa ni ofisi tu. Weka msimbo na hifadhidata Ulaya pamoja. Timu ya Next.js ikiwa na Pro ya Vercel itamaliza kazi mapema. Bajeti ikibana, Astro juu ya Workers inabeba kurasa za njia za Machame na Marangu kwa dola 5 au bila hata hizo, na fomu ya kuweka nafasi inaenda kwenye PostgreSQL ya Frankfurt. Msimu wa juu hautaleta maombi ya kuogopesha jukwaa lolote kati ya haya. Kinachoogopesha ni picha za simba za MB 8 kila moja, na hizo unazipunguza mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, Uhasibu Njiro au Ushirika Moshi mwenye mradi wa mwisho wa masomo, swali la kadi linaamua. Workers na Hobby ya Vercel zinaanza bila kadi. Mradi ukiwa Django na msimamizi hataki ubadilishwe, Vercel ina nafasi ya Python; hifadhidata iwe ya nje, na uifungue siku mbili kabla ya kuwasilisha ili usikute imesimamishwa.

Kwa AMCOS ya kahawa, ambako mizani ina kazi wakati wa mavuno na miezi mingine mfumo unafunguliwa na mhasibu tu, Cloud Run yenye nakala za kulala inaendana na kalenda vizuri. Ila karani yuko mlimani na mtandao wa kuhesabu vijiti. Fomu ihifadhi uzito wa kilo kwenye simu kwanza, itume baadaye, na itume kwa namba ya kumbukumbu ili kupokelewa mara mbili kusimwongezee mkulima kilo au kumpunguzia. Hilo litakusaidia kuliko kuhama jukwaa.

Kwa SACCOS, anza na mambo mawili yasiyo ya kompyuta. Muulize mtoa huduma wa malipo kama anataka IP isiyobadilika. Akisema ndiyo, Workers na Hobby ya Vercel zinatoka mezani, zinabaki hasa Cloud Run na Lambda, na gharama ya NAT iingie kwenye makisio tangu mwanzo. Kisha soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inadai usajili kwenye Tume na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Cloud Run na Lambda hazina kituo Tanzania. Bodi ikiafiki na masharti yakitimizwa, Cloud Run na Cloud SQL za Johannesburg ziko karibu na wanachama na zinabeba Laravel au Django kama ilivyo. Bodi ikikataa, chukua VPS kwenye kituo cha data cha Dar es Salaam, na kontena ulilotengeneza kwa ajili ya Cloud Run litaendeshwa huko vilevile.